Kiti cha Nyuma kwenye Mto Mkomazi

Tangu turudi, kila mmoja wenu wa kanisa letu hapa Bellevue hunishika mkono baada ya ibada na kuniuliza, "Papa Riziki, ilikuwaje huko kwenye maji?" Nikijibu kwamba Mungu ni mwema, mnacheka na kuondoka, halafu Jumapili inayofuata mnarudi na swali lilelile. Nimechoka kusimulia vipande vipande, basi nimeandika yote. Na wale waliosikia kwamba nilipiga yowe mpaka kundi la ng'ombe likatimua mbio, ukweli ni kwamba ng'ombe walikuwa wawili tu.

Kwa wasionifahamu vizuri, mimi ni fundi cherehani, na karakana yangu iko Doornfontein. Nilizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo watu hudhani maji ni ndugu zangu. Si kweli. Nikiwa kijana nilipanda mtumbwi uliojaa watu, upepo ukachafuka, na wimbi kubwa likaja ubavuni. Sisi abiria tulifanya kile ambacho mwili hufanya wenyewe: tulilikimbia. Wote tukaangukia upande wa pili, mtumbwi ukalalia hukohuko tulikokimbilia na kujaa maji. Tuliyachota kwa masufuria mpaka tukafika, lakini toka siku ile naogopa maji, na ninaogopa hasa.

Sasa Riziki, binti yangu wa miaka kumi na saba, yeye alizaliwa hapahapa Johannesburg na ziwa hajaliona. Makosa ni yangu. Klabu moja ya kayaki, ile mitumbwi myembamba ya mbio, pale kwenye bwawa karibu na Turffontein, ilinipa kazi ya kuwashonea vile vitambaa vinavyofungwa kiunoni ili maji yasiingie kwenye chombo. Jumamosi nikipeleka kazi, namchukua mtoto. Siku moja nilikuwa nampima mtu kiuno, kugeuka nyuma, mtoto yuko katikati ya bwawa.

Mwaka huu wa 2018 akapata bahati. Huko Natal kuna hosteli ya vijana wapiga kafi, wanasomeshwa na kufundishwa, na walimtaka. Sharti lilikuwa moja: awe amemaliza mbio za siku mbili kwenye mto Mkomazi. Mtu wa chini ya miaka kumi na minane haruhusiwi pale bila kupanda na mtu mzima, na wanaoanza pamoja lazima wamalize pamoja. Mwenzake, dada mmoja anayeitwa Thandi, akavunjika kifundo cha mkono wiki chache kabla. Riziki akaja karakanani, akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Papa, hakuna mtu mwingine," alisema. "Ni wewe tu."

Ni kweli nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma Jumamosi nyingi Thandi alipokuwa kazini, lakini bwawa halina mawe wala haraka. Nilitaka kukataa. Nilimtazama usoni, nikasema sawa, halafu nikashona suruali ya mteja mguu mmoja ndani nje.

Bellevue: mafuta

Mnaijua ile asubuhi ya kuondoka, wengi wenu mlikuwepo uani. Kayaki ilikuwa imelazwa juu ya ndoo mbili, nyembamba kama mwiko wa ugali, na akina mama wa maombi wameizunguka. Mama Jeanne, kiongozi wao, alikuja na chupa ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa.

"Papa Riziki, tusiache fasi hata moja," alisema. "Hii maji ya Natal hatuijue, na yenyewe haituijue."

Akapaka mbele, akapaka nyuma, akapaka viti, akatupaka sisi kwenye paji la uso. Mke wangu alikuwa ameshika kanga mdomoni, na aliponikabidhi mfuko wa chakula aliniambia neno moja tu, "Umurudishe." Nikamwambia nitamrudisha, nikijua mimi ndiye mzigo na mtoto ndiye mwenye kunirudisha.

Chupa iliyobaki Mama Jeanne alinipa niende nayo. Ikumbukeni hiyo chupa.

Njia kuu, mpaka Van Reenen

Dereva wetu alikuwa Bra Vusi, kocha wa klabu, mtu wa Soweto mwenye mabega kama kabati. Alifunga kayaki juu ya bakkie, pikapu yake, kwa kamba, tukatoka. Kwenye kila robot, taa ikituzuia, watu walituangalia, kwa sababu chombo kilitokeza mbele na nyuma kama gari limekula fimbo. Tulisimama mara tatu kukaza kamba kwa ajili ya upepo, na kila tuliposimama moyo wangu ulifurahi, nikitumaini kuna kitu kimevunjika.

Njiani nilimuuliza Vusi mtu anahitaji nini hasa ili ashinde kwenye mto.

"Watu wanadhani ni mikono," alisema. "Mikono inachoka mapema, mzee. Unasukuma kwa mguu, unageuza kiwiliwili, kafi linafuata lenyewe. Unatakiwa uwe na pumzi ya kwenda siku nzima. Na kiuno kiwe laini, chombo kicheze chini yako wewe umetulia juu."

"Na akili?"

"Eish. Akili ndiyo inayoshika kiuno. Ukiogopa kiuno kinakauka. Kiuno kikavu na maji ya kasi, mnapinduka."

Nilijaribu kukilegeza palepale kitini mpaka Harrismith. Kiuno changu kilikuwa kimekauka tangu Bellevue.

Kwenye mlima wa Van Reenen malori yalikuwa yamesimama msururu usioonekana mwisho, kuna moja lilikuwa limelala chini huko mbele, na ukungu ulikuwa umeshuka barabarani. Tukakaa pale nusu ya siku. Nilifungua mfuko wa mke wangu, tukala ugali wa muhogo, sombe ya majani yake na samaki wakavu. Harufu ikamshusha dereva wa lori la mbele yetu. Alikuwa Mtanzania, kanzu ndani, jaketi la baridi juu.

"Jamani, samaki huyo ananiita kwa jina," alisema. Tukamkaribisha. Akala vizuri, akatazama juu ya bakkie. "Na hicho kidude, mnaenda kuvua?"

"Tunaenda kwenye mbio. Mto Mkomazi."

"Mkomazi?" Akaacha kutafuna. "Kaka, mmepotea. Mkomazi iko kwetu, huko Same. Ni mbuga, ina vifaru. Mmeipita nchi tatu nyuma."

Tulipomweleza kwamba na huku kuna Mkomazi yao, alicheka mpaka akashika lori. Kisha akauliza kama tunalipwa. Nikamwambia hapana. Akauliza kama nimeshtakiwa mahali. Nikamwambia hapana. Akamwangalia Riziki, akaniangalia mimi, akasema kwa upole, "Basi shuka taratibu, mzee wangu." Sikupenda ule upole.

Richmond, kwa MaDlamini

Tulilala Richmond, mji mdogo wa mashamba, kwa mjane anayeitwa MaDlamini ambaye hukodisha vyumba. Jioni alituandalia unga wa mahindi uliopikwa mkavu, wa chengachenga, na maziwa mgando ya kumwagia. Riziki alifagia sahani. Mimi sikuweza kumeza. Nilikuwa nauwaza mto wa kesho.

MaDlamini akafikiri chakula chake kimenichukiza. Akaondoa sahani, akaleta kuku. Nikashindwa. Akaondoa kuku, akaleta magimbi. Nikashindwa. Mwishowe alikaa mbele yangu amekunja mikono, akamwambia Riziki jambo kwa Kizulu, na Riziki akacheka.

"Anauliza kama uko kwenye mfungo."

"Mwambie ndiyo," nilisema, maana ilikuwa afadhali kuliko ukweli. Basi mama yule akaniheshimu sana, akanifanya mchungaji kutoka Kongo, akamwita jirani yake aje aombewe. Nilimwombea yule jirani mguu wake. Nilichanganya na maombi yangu mwenyewe humohumo, na ya kwangu yalikuwa marefu zaidi.

Siku ya kwanza majini

Asubuhi tuliuona mto. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamejaa, yanapita na miti mizima. Sauti yake niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Watu walikuwa wengi ukingoni, wanajipaka mafuta ya kuzuia jua, wanakula ndizi, wanataniana. Nilitafuta uso mmoja wenye hofu, wa kunifariji. Sikuuona. Riziki alikuwa amenipa mgongo, anakaza kofia yake ngumu.

Ndipo nilipoichukua ile chupa. Nilijificha nyuma ya bakkie, na kwa jinsi nilivyokuwa nimeogopa, sikuona kwa nini Mama Jeanne alipaka chombo chote akaacha makafi. Nikayapaka yote mawili, langu na la mtoto, juu mpaka chini, nikasugua hasa mahali pa kushikia. Nikamaliza chupa. Nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu nyumbani.

Tukaingia. Kwenye kayaki ya watu wawili, wa mbele ndiye anayesoma maji na kuamua. Wa nyuma haoni kitu ila mgongo. Kazi yake ni kufuata, kafi kwa kafi, bila kuuliza na bila kuacha, maana kafi likiwa ndani ya maji ndilo linalowashikilia. Nilifuata. Mgongo wa Riziki ulikuwa umenyooka, mabega yanageuka sawasawa, na nikasema moyoni, mtoto huyu hana hofu hata chembe, kaitoa wapi damu hii?

Kwenye maji ya kasi ya kwanza kafi likanigeukia mkononi. Nikabana, likateleza. Nikabana zaidi, likatoka kabisa kama samaki. Niliona mgongo wa Riziki unalalia kushoto, mimi mikono mitupu iko hewani, kisha nikaona kahawia tupu.

Chini ya maji hakuna kelele, hilo hakuna aliyewahi kuniambia. Nilibingirika, goti likapiga jiwe, nikatoka, nikavuta pumzi na maji pamoja, nikaita jina la mtoto wangu, nikazama tena. Nilidhani nimemuua. Nawaambieni wazi, katika miaka yangu yote, pamoja na ile ya vita, sijaogopa namna ile. Nilipotupwa kwenye mchanga nilimwona amekaa ukingoni hatua chache mbele yangu, ameshikilia kayaki kwa mkono mmoja, anakohoa. Alikuwa mzima.

Kafi langu liliokotwa na wazee wawili Wazungu, mume na mke, umri wa kutosha kuwa na wajukuu wakubwa. Walikuja nalo taratibu. Yule bibi alilishika, akalitazama, akanusa kiganja chake.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Mafuta ya zeituni," nilijibu.

Walitazamana. Riziki akalishika lake, akanitazama mimi, na nikatamani mto unichukue tena.

"Papa," alisema. "Uliyapaka?"

"Ni ya maombi."

Riziki alipiga magoti akaanza kusugua makafi kwa mchanga. Yule bibi alitupa kipande cha nta ya kuzuia kuteleza, kisha yeye na mumewe wakaingia mtoni, viuno vyao vikicheza na chombo kama watu waliokaa sebuleni, na sikuwaona tena siku hiyo. Sisi tulifika kambini karibu wa mwisho.

Kambini

Riziki alikula haraka, akaenda kujilaza hemani jua likiwa bado liko juu. Viganja vyangu vilikuwa vimechubuka, goti limevimba. Nilimfuata Vusi kwenye bakkie nikamwambia mimi basi, nisije nikamzamisha mtoto wa watu.

"Mtoto wa watu ni wako," alisema. "Ukitoka, naye ametoka. Hosteli imekwisha. Unajua hilo."

"Najua."

"Kesho kuna mwamba mmoja mkubwa. Maji yote yanaelekea hapo. Mkisukumwa ubavuni, chombo kikikwama kwenye mwamba, mwili utakuambia nini?"

"Nikimbie upande wa pili."

"Ukifanya hivyo maji yanapanda juu ya chombo, yanakipindua na kukikunja, na nyinyi mko ndani." Alinisimamisha kando ya bakkie, akanisukuma bega mpaka shavu likagusa bati. "Unaulalia mwamba. Unaukumbatia. Kile unachokiogopa, huko ndiko unakokwenda. Rudia."

Nilikumbatia ile bakkie mpaka watu wakatuangalia. Lakini nilikuwa naujua mwili wangu, na nilijua siku ile ya Tanganyika ilikuwa bado imo ndani yake.

Siku ya pili: mwamba

Tuliusikia kabla ya kuuona, yaani mimi sikuuona kabisa. Niliona tu mgongo wa Riziki ukisogea mbele na mikono ikiongeza kasi. Alipiga kelele, "Kulia, kulia," nikapiga kulia kwa nguvu zote, na mto ukatucheka. Tukageuzwa ubavu. Kitu kikagonga, kayaki ikalia kama mlango, na tukasimama katikati ya maji yanayokimbia. Mwamba ulikuwa kushoto kwangu, mweusi, mrefu kuliko nyumba yetu, na mto mzima ulikuwa unatusukumia hapo.

Mwili ukasema, kimbia. Nilishaanza kwenda. Kiuno kilishajigeuza kulia, maji yakaanza kupanda mapajani, na ndipo nilipopiga lile yowe mlilosimuliwa. Ng'ombe wawili waliokuwa wanakunywa ukingoni wakaondoka.

Kilichotuokoa si ujasiri, msije mkanisifu. Mgongo wa mbele yangu ulijitupa kushoto, kifua chote juu ya jiwe. Na mimi tangu jana nilikuwa nimezoea kitu kimoja tu, kuufuata ule mgongo bila kuuliza. Nikaufuata. Nililikumbatia lile jiwe kwa mikono miwili, shavu juu yake, lilikuwa baridi na lina utelezi wa majani. Maji yakashuka mapajani. Kayaki ikatulia. Tukalisukuma jiwe kwa viganja, kidogo kidogo, kama watu wanaotafuta swichi gizani, mpaka pua ya chombo ikapata mkondo na tukachomoka.

"Piga, Papa," alisema, nami nikapiga. Hatukusimama mpaka mwisho, na chini ya daraja la kumalizia nilimwona Vusi ameingia majini na viatu vyake, amenyanyua mikono yote miwili.

Tulipofika ukingoni nilishuka nikakaa kwenye matope. Nilingoja Riziki ashuke. Hakushuka. Alikuwa amekaa vilevile, kafi mapajani, na nilipozunguka mbele nikamwona uso, kwa mara ya kwanza mchana ule. Midomo ilikuwa haina rangi. Miguu ilikuwa inatetemeka mpaka kayaki inatoa mawimbi madogo. Vidole vilikuwa vimekamata kafi na havifunguki, nikaanza kumfungua mimi, kimoja kimoja.

"Wewe uliogopa?" nilimuuliza.

Mnajua watoto wetu, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Lakini haya aliyasema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani.

"Minaogopa kila siku, Papa. Toka mwanzo."

"Mbona hukusema?"

"Thandi haogopake. Nikikaa naye, naogopa paka mimi moja, peke yangu." Akafuta pua kwa mkono uliokuwa umeshafunguka. "Klabuni kulikuwa watu wawili wakubwa walisema watakuja na mimi. Niliwakatala. Nilikudanganya. Nilitaka mutu wa kuogopa pamoja na mimi."

Niliendelea na vidole.

Nyumbani

Kurudi kulikuwa kufupi, sikumbuki barabara, nililala. Mama Jeanne aliniuliza kama mafuta yalisaidia, nikamwambia yalifika mahali pote. Sasa anasoma hapa na anajua, naomba anisamehe, na safari ijayo atupake paji la uso tu.

Riziki alipata nafasi yake, na tumeshampeleka. Mke wangu bado anapika sombe ya watu watatu, halafu ananiangalia mimi kana kwamba nimekosea kuhesabu. Juzi mtoto alipiga simu. Kayaki mpya, shule nzuri, chakula kibaya. Wamempa mwenzake, msichana wa Durban, na wiki ijayo wanaingia mtoni.

Siku tatu kabla ya simu hiyo nilikuwa nimelala macho, nikiwaza siku atakayorudi mtoni. Nikamuuliza swali moja tu, huyo mwenzako mpya yukoje.

"Anaogopa, Papa," alisema. "Mingi sana."

Nikamshukuru Mungu, nikampa mama yake simu, nikaenda kulala.